Ubao wa Dirie na Mguu wa Mama Ayuma

Wewe unayesoma, ulimwona. Usijifanye. Ulimwona asubuhi akitoka upande wa viwanda akiburuta mguu wa kushoto, nawe ukainamia simu yako kana kwamba simu ndiyo iliyokuwa mgonjwa. Wale watatu wa kwa Dirie nao walimwona. Wao angalau walifungua midomo.

Kwa Dirie ni kibanda cha kahawa hapa Mukuru kwa Njenga. Kiti ni kimoja: ubao mrefu uliolazwa juu ya jiwe. Mwisho mmoja hukaa Khalif, muuza viatu vya mtumba soko la Gikomba, aitwaye Mzani kwa sababu ya kilo zake. Mwisho wa pili ni Mutunga, aitwaye Daktari kwa sababu ya redio yake ya vipindi vya afya. Katikati hukaa Owiti wa Stima, fundi wa umeme. Sheria ya ubao ni moja: huinuki kabla ya kutangaza, maana akiinuka wa huku, wa kule anaenda chini.

Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetoka tu kutangaza kwamba maumivu ya mguu chini ya goti yamezidi, na watu waache kukaa sana. Daktari hakungoja mwisho wa habari. Aliipunguza sauti ili asikike yeye.

Asenath, mama Ayuma, akaegemea nguzo ya kibanda. Alikuwa ametoka shifti ya usiku ya kupakia biskuti, wima tangu jioni.

"Dirie, nipe kikombe. Huu mguu umenishinda."

"Mama Ayuma, redio imesema sasa hivi," Daktari akainua kidole. "Unakaa sana."

Kule kiwandani zamani viti vilikuwepo, na Asenath alivikalia. Msimamizi mmoja ndiye aliyevitoa akidai vinaleta usingizi. Wengi wamesahau. Sisi hatujasahau.

"Nakaa wapi, Daktari?"

"Usiniulize mimi. Uliza redio."

"Wacha uongo, buda," Khalif akaingilia. "Hiyo ni viatu. Mama, leta hiyo raba tuone. Ai! Soli imeisha kama sabuni! Nani alikuuzia hii takataka?"

"Wewe."

"Basi si viatu."

Owiti alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. "Manze, ni misuli imekaza. Mwili umekosa chumvi, ama ndizi. Mjomba wangu alikuwa anashikwa usiku, anarukaruka kitandani kama samaki. Akala ndizi, akapona."

"Si mjomba wako alikufa?" Khalif akauliza.

"Alikufa na miguu yake yote miwili!"

"Ama ni nyama," Daktari akasema. "Nyama nyingi huleta uchungu wa viungo."

"Nyama mimi niliiona Krismasi," Asenath akajibu.

"Si unaona? Ni Krismasi hiyo."

"Ama mshipa wa mgongo umebanwa," Khalif akaongeza. "Uchungu unaanzia kiunoni, unashuka na ngazi hadi chini."

Asenath akahamishia uzito mguu wa kulia. Dirie akampa kikombe. Yeye peke yake ndiye aliyetazama chini. Shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, limekaza, linang'aa kama mandazi yaliyotoka mafutani.

"Mama Ayuma, ni huo mmoja tu?"

"Mmoja tu. Na una moto kuliko jiko lako."

Dirie akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Mtangazaji alikuwa bado anaeleza: mguu mmoja ukivimba na kuwa na moto, huenda damu imeganda mshipani. Usiusugue, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu hiyo ikipanda hadi mapafuni inaua.

"Si nilisema?" Daktari akasema kwa sauti ndogo.

"Ulisema nakaa sana."

"Sasa mama, si uende hospitali!"

"Kwa mguu gani? Hapa penyewe nimefika nikijikokota. Na jioni wakiniona langoni nachechemea, kazi anapewa mwingine." Asenath akaweka kikombe chini. "Nyinyi wanaume mmenipima mpaka mgongo. Nimesimama hapa wakati wote huo. Kuna aliyeniambia, mama, kaa?"

Daktari aibu ikamchoma. Akaruka wima. "Kaa hapa kwangu, mama!"

Hakutangaza.

Upande wa Khalif ukashuka kama gunia la viazi. Owiti akateleza juu yake, kahawa ikafuata, na muundi wa Mzani ukagonga jiwe.

"Uwii! Mguu wangu! Nakufa!"

"Boda! Boda!" Daktari akapiga mbinja. "Tuna mgonjwa hapa! Haraka!"

Boda ikafika kabla kahawa haijakauka shatini. Nzivo, mwenye pikipiki, akatazama huku na huku. "Mgonjwa yuko wapi?"

Asenath alikuwa ameshakusanya sketi na kupanda. "Ni mimi. Hospitali, na uende polepole."

"Na mimi je?" Khalif akalia pale chini.

"Wewe, Mzani," Asenath akamwambia, "unakaa sana."

Na wewe unayesoma, bado umekaa. Unamjua mama wa kwenu anayeburuta mguu mmoja, na jina lake unalijua. Weka simu chini. Mpeleke hospitali leo, kisha uje langoni mwa kile kiwanda tudai vile viti. Inuka sasa hivi. Ila tangaza kwanza.