Bata Bukini Kumi na Wanne, Mikataba Mitatu

Jumatatu, 3 Machi

Baridi ya kukata masikio. Miwani imekatika mkono tangu Januari, nimeifunga kwa plasta, inakaa upande. Nimepata barua kutoka ofisi ya Programu ya Wanafunzi Bora. Nimeifungua nikidhani ni mwaliko wa chakula. Si mwaliko! Inasema mimi, Lowell Teske, mwaka wa nne, Kitivo cha Sanaa na Sayansi, nimepungukiwa kozi tatu za Bora. Nisipozitimiza kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 14, jina langu linafutwa. Nishani ya kuhitimu ndiyo basi.

Mimi nilidhani nishani inakuja yenyewe. Mwaka wa kwanza walinikubali, wakanipa kikombe na kalamu. Nani angejua kwamba nyuma ya kikombe kuna masharti?

Nimesoma kijitabu chao. Kurasa kumi na moja. Kozi sita za Bora, mbili ziwe za sanaa, mbili za sayansi, moja iwe na maabara, isipokuwa kwa mwenye kozi ya sanaa yenye maabara. Mkataba si kozi lakini unahesabiwa kama kozi. Tasnifu ni kozi lakini haihesabiwi. Nimerudia ukurasa wa nne mara tatu. Mara ya tatu niliuelewa, nikafurahi, nikageuza karatasi, ukanitoka wote.

Shida yenyewe si nishani. Shida ni Bibi Arlys. Alitolewa shule darasa la nane akafuge bata wa baba yake, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumaliza chuo. Ameshatangaza kwenye kikundi chake cha karata kanisani. Ameshapigilia msumari ukutani, kando ya kombe la marehemu babu la mchezo wa kuviringisha tufe. Msumari upo, nishani haipo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Bi Kuchta, katibu wa programu. Mama wa makamo, sweta la kijani, huwa anakutazama juu ya miwani mpaka unakumbuka dhambi za utotoni. Nikamuuliza kama kile kikombe hakiwezi kuhesabiwa kwa lolote. Hakucheka. Akanieleza habari za mkataba: unachukua kozi ya kawaida unayoisoma tayari, unakubaliana na profesa kufanya kazi ya ziada, mnatia saini, kozi inageuka kuwa ya Bora. Kisha unasimama na bango Siku ya Mabango, Alhamisi ya wiki ijayo, unaeleza watu ulichofanya.

Nikauliza kama kazi ya ziada inaweza kuwa ndogo. Akasema ukubwa wa kazi ni jambo la dhamiri yangu. Nimefarijika sana.

Mlangoni nikakutana na Maren Wickstrom. Anasoma sanaa, mwanafunzi wa Bora tangu tumboni mwa mama yake. Ana faili lenye vibandiko vya rangi sita. Akaniuliza kwa huruma ya kinafiki, “Lowell kaka, bado uko kwenye programu? Mie nilidhani ulishakufa.” Yeye eti alimaliza kozi zake mwaka jana, sasa anakamilisha tasnifu ya kuchonga. Kiherehere kitupu. Akataka kunieleza anachonga nini, nikajifanya nimeitwa.

Jumatano, 5 Machi

Akili imefunguka nikinywa supu ya jibini! Mikataba mitatu, sawa. Lakini nani kasema kazi ziwe tatu?

Nilikuwa kwenye bwalo, natazama nje, ukungu umejaa kwenye kioo. Kando ya bwawa wamekaa bata bukini. Wale wale wanaokula nyasi za chuo na kufukuza wageni. Nikaona kila kitu mara moja. Biolojia: nitawahesabu kila asubuhi. Historia: habari za bata bukini katika wilaya hii. Falsafa: je, bata ana haki ya kukaa mahali ambapo hakualikwa? Bata ni wale wale. Kazi moja, saini tatu!

Profesa Stavros wa biolojia ametia saini akiwa amesimama, ameniambia nihesabu kwa uaminifu. Profesa Imhoff wa historia anataka nimhoji mtu aliyeishi na bata. Profesa Rausch wa falsafa alinitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini bata. Nikasema maisha yote nimejiuliza kuhusu bata. Akatia saini, lakini polepole.

Nimetoka nikitembea kama mwenye chuo.

Alhamisi, 6 Machi

Hesabu ya kwanza. Kushuka mpaka bwawani ni mbali na barafu inateleza, kwa hiyo nimehesabu kutoka dirishani kwangu, ghorofa ya tatu, nikiwa bado kwenye blanketi. Kumi na wanne. Wametulia sana. Bata wa siku hizi wana adabu.

Jumapili, 9 Machi

Jana kumi na wanne. Leo kumi na wanne. Usiku theluji imeanguka mpaka magotini na hakuna aliyehama. Nimeguswa.

Nimempigia Bibi Arlys kwa ajili ya historia. Nilitaka dakika tano, kaongea saa nzima. Kasema walikuwa na bata bukini sitini. Kasema aliwajua mmoja mmoja kwa sauti, na siku baba yake alipowauza wote kwa mpigo aliingia bandani akakaa peke yake mpaka jioni. Sikujua. Akauliza kama hayo ni mambo ya kuandikwa chuoni. Nikasema ndiyo, bibi, ndiyo hasa. Akasema basi atakuja mwenyewe kuliona hilo bango, jirani atamwendesha. Saa nne za barabara! Nikamwambia asijisumbue. Akasema, “Nisumbuke kwa ajili ya nani mwingine, mjukuu wangu?”

Nimekata simu nikahesabu siku zilizobaki: nne.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Nimekisoma tena kijitabu. Ukurasa wa tisa, maandishi madogo: kazi ya mkataba mmoja haitatumika kwenye mkataba mwingine. Kwa nini jambo kama hilo liwe ukurasa wa tisa? Nani anafika ukurasa wa tisa?

Balaa la pili. Siku ya Mabango ni ukumbi mmoja, wakati mmoja, wote. Sayansi upande wa kushoto, historia mlangoni, falsafa karibu na choo. Mimi ni mmoja.

Nimepanga. Mabango matatu, majina matatu. Nitakuwa nazunguka. Kwa kila profesa nitasema nakwenda kunywa maji. Mtu anayekunywa maji sana si mkosaji.

Njiani nimekutana na Mzee Orville, mtunza majengo, na ngazi na boksi kubwa. Akaanza kunieleza habari za njiwa na uchafu wao, na sanamu ya plastiki ya kuwatisha, na paa la maktaba. Mzee huyu akianza hamalizi. Nikaitikia tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku nawaza maji.

Bata kumi na wanne. Nimeshaandika na ya kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nane nipo ukumbini, mabango yamesimama. Dakika ishirini za kwanza, ushindi! Nimekunywa maji mara tisa. Nikimbie kwa Imhoff, nirudi kwa Stavros, nipite kwa Rausch. Kosa langu ni moja, sikufikiria meza ya jibini. Siku ya Mabango kuna meza ya vipande vya jibini na biskuti za chumvi, na katika jimbo hili hakuna profesa anayeipita meza ya jibini. Wamekutana pale wote watatu! Stavros akasema ana kijana wake wa bata. Imhoff akasema hata yeye ana wa bata. Rausch alitafuna tu, kisha akawaongoza.

Wakasimama mbele ya bango langu la sayansi. Nikasema nakwenda kunywa maji. Rausch akasema, “Yameisha maji, bwana mdogo. Kaa hapa.”

Lakini Stavros hakuwa amekasirika. Alikuwa amepagawa! Akaonyesha jedwali langu kwa kidole. Siku nane, bata kumi na wanne, hakuna anayepungua, hakuna anayezidi, hata siku ya theluji. Akasema miaka thelathini ya kazi hajawahi kuona kundi la namna hii. Akataka kuwaita wenzake wa idara. Nami, Mungu anisamehe, nikasema siri ni subira ya mtafiti.

Hapo ndipo Bibi Arlys alipoingia. Koti lake la kanisani, kopo la biskuti kwapani, na fremu tupu ya kuwekea nishani, kaibeba kwa mikono miwili. Kwanza alisimama kwenye bango la historia, akasoma maneno yake mwenyewe kuhusu bata sitini na baba yake. Nilimwona anafuta macho. Kisha akaja kwetu, akawasalimu maprofesa, akainama kwenye picha yangu ya bwawa. Akaitazama sana.

Akauliza, na alisema kwa upole kabisa, “Lowell mwanangu, bata gani hawa hawanyi?”

Akaendelea kusema kwamba bata bukini mmoja anachafua uwanja asubuhi moja, sembuse kumi na wanne siku nane, na theluji yenyewe nyeupe pee. Stavros akavua miwani. Akavaa. Akavua tena.

Bango la jirani lilikuwa la Maren. Mchana kutwa sikulitazama, kwa kiburi. Maren akakohoa. Akasema samahani, lakini hao ni wake. Bata kumi na wanne wa mbao, kachonga mwenyewe, kawapanga bwawani tangu mwanzo wa Machi, ndiyo tasnifu yake. Akasema tena kwamba anashukuru, kwa sababu alikuwa anatafuta ushahidi kuwa watu wanawaona kama wa kweli.

Watu walicheka mpaka jibini likawapalia. Bibi hakucheka. Aliigeuza ile fremu, upande wa kioo ukamwelekea yeye tumboni, kana kwamba haikuwa ya mtu. Niliona aibu. Nakiri, niliona aibu ya kweli, ya kuingia chini ya meza.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tatu ofisini kwa Bi Kuchta. Maprofesa wote watatu, na bibi, ambaye alilala nyumba ya wageni na akakataa kwenda zake. Mikataba ikachanwa. Kila mmoja alichana wake, mbele yangu.

Nikaanza kujikosha. Nikasema kijitabu kinachanganya. Bi Kuchta akanitolea uvivu: kijitabu kinachanganya, ni kweli, hata yeye ukurasa wa nne haumwingii, lakini bata hawachanganyi, unashuka ngazi unawatazama.

Halafu jambo ambalo mpaka sasa sijalielewa. Imhoff akasema mahojiano ya bibi ni kitu bora kabisa alichosoma mwaka huu. Stavros akasema swali lenyewe si baya, jibu ndilo la mbao. Rausch akasema programu ilianzishwa ili mtu mmoja atazame jambo moja kwa sayansi na kwa sanaa, na mpumbavu huyu (ndivyo alivyosema) amelifikia hilo kwa kukimbia kazi. Wameamua: nikae mpaka Agosti. Kazi moja tu, wazi, chini ya wote watatu, itahesabiwa kwa kozi zote tatu. Ndege yeyote, lakini aliye hai. Siku thelathini, kila siku kwa macho yangu. Na barua kwa kila niliyemdanganya, ya kueleza nilichojifunza. Nikitimiza, nishani.

Nimetazama chini. Bibi akasema Agosti ni vizuri, barabara hazina barafu. Kuhusu msumari akasema hauozi. Mlangoni akanishika shavu akaniambia, “Safari hii shuka ngazi, mwanangu.” Akaniachia kopo la biskuti. Fremu kaondoka nayo.

Nililia kidogo chooni. Nimebadilika. Nahisi kabisa nimebadilika.

Jumatatu, 17 Machi

Barua zimekwenda. Nimeandika moja, nzuri sana, ya kutoka moyoni, kuhusu ubaya wa kutumia kazi moja mara tatu. Nimetoa nakala tano. Maren amenirudishia yake, eti inaanza na Mheshimiwa Profesa, na eti kwa nini inamshukuru kwa biskuti. Anapenda makosa madogo madogo yule.

Na ndege nimempata! Bundi. Bundi mkubwa, juu ya paa la maktaba, anaonekana vizuri kutoka dirishani kwangu. Chuo kizima hakuna aliyemwona ila mimi. Njiwa wote wamekimbia kwa kumwogopa, hiyo ni sayansi. Mchana macho wazi, haogopi mtu, hiyo ni falsafa. Tangu Ijumaa hajasogea hata kidogo. Ametulia, anaangalia upande mmoja tu, ndege wa kazi hasa.

Nimempigia bibi kumpa habari njema. Kauliza swali moja tu, je, anakunya? Nimemwambia paa liko mbali, bibi, mambo hayo hayaonekani kwa miwani yangu.

Nimechora jedwali, mistari imenyooka. Siku ya kwanza: bundi mmoja. Siku ya pili: bundi mmoja. Nimejaza zote thelathini kabisa, nisije nikasahau.