Mipira Minne Chini ya Injini

Jumatatu, 3 Juni
Hatimaye! Injini ya pampu imekaa ndani ya gari langu la kuoshea magari. Nimeifunga kwenye sakafu chuma kwa chuma. Kazi ya kiume! Ijumaa mwalimu mkuu anakuja kuniona nikiosha basi moja la shule. Akiridhika, mabasi yote ni yangu. Asiporidhika, narudi kumshikia shemeji mpira wa maji. Heri nife.

Nikawasha. Lahaula! Kioo cha pembeni kikaanguka, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa anapita na gari lake la kuoshea. Akauliza kama langu lina homa. Kijicho tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa. Nimelikunja godoro la wageni chini ya injini. Injini ikarukaruka, ikalitafuna. Mama mkwe anafika Jumapili. Mke wangu kaokota mabaki ya godoro, kayapanga mezani pangu. Hapo ndipo ninapoogopa.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu kanipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi kanipa mipira minne mizito ya kukaa kati ya injini na sakafu, imeze mtetemo. Akatuambia, "Uacheni mpira upumue. Mkizikaza nati mpaka ukawa bapa, ni sawa na kutouweka."

Nikaitika ndiyo, fundi. Nyumbani nikawaza: nati isiyokazwa ni nati gani? Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikakaza mpaka mipira ikawa bapa. Nikawasha. Homa ileile! Fundi huyu muongo.

Alhamisi, 6 Juni
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeweka ndoo ya mchanga kando ya injini. Uzito hutuliza. Kabla sijawasha, mke wangu akaiazima spana, eti kitanda kimelegea. Aliporudi nayo nikawasha. Kimya! Injini inanguruma taratibu, glasi ya maji juu ya dashibodi haimwagiki. Mchanga, jamani! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Furaha hiyo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimepata! Niliosha basi chini ya madirisha ya darasa na hakuna mtoto aliyegeuza shingo. Mwalimu mkuu kanipa mabasi yote, naanza Jumatatu. Nililia kidogo nyuma ya basi. Shemeji kaja kunipa mkono, akauliza siri. Nimemwambia: mchanga. Mimi si mchoyo.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekagua gari. Nati zote nne zimelegea! Shemeji huyo, hakuna mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimezikaza kwa bomba mpaka jasho likanitoka, nikaongeza ndoo ya pili ya mchanga. Jumatatu watanitambua.

Mke wangu alikuwa dirishani ananitazama. Sasa hivi kaja kuiomba tena spana. Kitanda kile kimeshachoka kabisa. Nikitajirika, cha kwanza nitamnunulia kingine.