Mkeka wa Bodi ya Nyanya

Lusekelo wa Mbalizi hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Lusekelo alifunguliwa, akapewa chai, na alipoondoka alisindikizwa hadi getini huku akiombwa arudi tena.

Siku hiyo alikuwa Iringa mjini kwenye hafla ya kuchangia kampeni, ndani ya suti ya kuazima, akila sambusa ya tano ya watu ambao hawakumwalika. Mdomo ulikuwa na raha, moyo haukuwa nayo. Alimpenda Juliana wa Ilula, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakulighushi. Mama yake Juliana, Bertha, muuza nyanya wa barabarani, alikuwa ameshatamka mahari: ng'ombe wawili, koti la mjomba na blanketi la bibi kabla ya Krismasi. Ikipita hapo, Mwalimu Silvester wa Kihesa alikuwa tayari na posa yake.

Ndipo akasimama mama mmoja wa kitenge cha bei mbaya. Alikuwa Faustina, mwenye kiwanda cha nyanya za kopo. Akatoa pikapu mbili na fulana elfu tatu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama akaketi kando ya Lusekelo, amenuna.

"Kila uchaguzi natoa, kila uchaguzi naambulia makofi," alinong'ona kwa hasira. "Mwenzangu wa mbolea katoa malori, leo mdogo wake yuko kwenye bodi na mbolea inanunuliwa kwao tu. Mimi bodi yangu iko wapi?"

Lusekelo alimeza sambusa bila kutafuna.

"Kamwene, mama," alimwamkia kwa Kihehe, kwa heshima zote. "Kosa lako unatoa mbele za watu. Mchango wa jukwaani hununua makofi. Wa bahasha hununua mkeka."

Mkeka, kwa msomaji aliyekuwa nje ya nchi, ni ile orodha ya walioteuliwa ambayo ikitoka, Watanzania wote huipekua kwenye simu wakimtafuta shemeji yao.

Faustina alimpima kwa macho. "Na wewe una cheo gani?"

"Sina, mama. Wenye vyeo hutenguliwa. Mimi huwapelekea majina tu."

"Bodi gani iko wazi?"

Lusekelo alitazama sahani. Palikuwa na kachumbari. "Bodi ya Nyanya, Nyanda za Juu Kusini."

"Sijawahi kuisikia."

"Ndiyo maana bado iko wazi."

Wakakubaliana milioni nane, kwenye bahasha, Ijumaa.

Jumamosi Lusekelo alikuwa kwenye stesheneri moja Mwanjelwa, Mbeya, akitunga Taarifa kwa Umma. Muhuri aliuchonga kwa kiazi. Alipofika mahali pa kusema nani kateua, kalamu ilisita, maana kutaja ofisi ya kweli ni kutafuta jela. Akaandika: "Mamlaka Husika imemteua Bi. Faustina kuwa Mwenyekiti. Uteuzi huu unaanza mara moja." Ofisi hiyo hakuna aliyewahi kuiona, na hakuna asiyeiogopa. Akaipiga picha taarifa yake, akairusha kwenye makundi ya simu.

Hesabu yake ilikuwa safi. Mama atajigamba siku mbili, ya tatu ataumbuka, ya nne atanyamaza. Nani ataenda polisi kushtaki kwamba rushwa yake imepotea njia? Akanunua ng'ombe, koti na blanketi, akapeleka Ilula. Bertha alipiga vigelegele hadi abiria wa mabasi wakachungulia. Harusi ikapangwa.

Sasa sikiliza maajabu. Mkeka ukipita kwenye simu, mtu mwenye busara hapotezi muda kuuliza umetoka wapi. Hupongeza. Anayechelewa kupongeza huhesabiwa mpinzani. Saa tatu asubuhi mtendaji mmoja alipongeza. Bosi wake alipoona, akahisi kaachwa nyuma, naye akapongeza na kutuma keki. Bosi wa bosi akaogopa ile keki, akatoa chumba cha ofisi na gari. Kila mmoja aliamini wa juu yake anajua. Wiki ya tatu Bodi ya Nyanya ilikuwa na bango, katibu muhtasi, na kizuizi pale Ilula: marufuku kuuza nyanya barabarani, zote ziende kiwandani kwa bei ya bodi.

Simu ya Lusekelo ikalia.

"Mwanangu, nyanya zangu zimebebwa!" Bertha alikuwa analia. "Ndoo kumi na nne! Si ulisema unajuana na wakubwa? Basi nenda. Zisiporudi, harusi hakuna, nitaishi na nini mimi?"

"Mwe!" alimaka Lusekelo.

Akapanda basi hadi Iringa. Katibu muhtasi, Esta, alimwuliza kama ana miadi. Alikaa kwenye foleni ya bodi aliyoibuni mwenyewe muda wa saa tatu, ndipo akaingia.

"Mama, ivunje hii bodi," alisema. Hakuzoea kusema ukweli ofisini. "Ni feki! Niliitunga mimi. Muhuri ule ni kiazi!"

Faustina alicheka mpaka akavua miwani. "Najua, baba. Mimi nachapisha lebo za kopo miaka ishirini, nisijue muhuri?"

"Ulijua? Na ukanilipa?"

"Ya kweli nilishaulizia bei. Malori sita, kiwanja kimoja, na kusubiri miaka mitano. Wewe umeniletea kwa milioni nane na wiki moja. Ningekataaje?"

"Nitakwenda kusema!"

"Nenda. Utamtaja nani aliyeandika? Na wakubwa wote walionipongeza, yupi atakubali kwamba alikipongeza kiazi?"

Lusekelo alivuta kiti, akaketi.

"Basi nirudishie nyanya za mama mkwe, zilizobebwa Ilula," alisema kwa sauti ndogo.

"Zitarudi leo. Lakini bodi haina Katibu, nami nataka mtu mwenye mwandiko mzuri. Mshahara hutauona mpaka zile milioni nane zangu zirudi zote." Akamsogezea karatasi. "Karibu serikalini, baba."

Akasaini. Angefanya nini? Juliana alikuwa anachagua shela.

Nyanya zilirudi, pungufu ndoo mbili. Ndoa ilifungwa Ilula kwa wakati, kanisa likajaa, kwaya ikaimba hadi koo zikakauka, na bibi harusi alipendeza mno. Ukumbini mgeni rasmi alikuwa Mwenyekiti wa Bodi. Alipewa kipaza sauti, akawapongeza maharusi, akawausia wavumiliane, kisha akafunua karatasi ambayo Lusekelo aliiandika asubuhi ile kwa mkono wake mwenyewe, na kwa sauti ile ile ya baraka akasoma bei mpya ya nyanya. Ilikuwa nusu ya bei ya zamani.

Watu walipiga makofi kwanza, ndipo wakasikia. Aliyetangulia kwa vigelegele, kabla hajaielewa bei, alikuwa Bertha. Lusekelo aliinamisha kichwa, akaendelea na pilau yake.