Fa Iliyobaki Geita

Ngokolo, Shinyanga
11 Desemba 1953

Kwa Bwana Cornel,
Karani wa Stoo na Mwalimu wa Gitaa,
Kambi ya Wachimbaji, Geita.

Mheshimiwa Mwalimu,

YAH: MKAO MMOJA WA VIDOLE USIOFUNDISHWA

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu aliyefundisha theluthi mbili za kitu. Mimi ni Athanas Maige, baba mzazi wa Onesmo, yule kijana mrefu aliyekaa kambini kwenu miaka minne akichimba dhahabu ya watu, na wewe ukawa unamfundisha gitaa siku za Jumapili. Hatujaonana, lakini nakujua kuliko ninavyowajua wakwe zangu, kwa sababu jina lako hutajwa nyumbani kwangu kila baada ya chakula.

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Nilikuwa karani wa baraza miaka kumi na moja, nikaandika malalamiko ya watu wengine mpaka kidole kikaota sugu. Haya ndiyo ya kwangu ya kwanza, nami nimeyapanga kwa namba ili usipotee njiani. Kama una haraka, jambo lenyewe ni hili: usipomtumia mwanangu ule mkao wa Fa kabla mwezi haujaandama, sisi nyumba nzima tutatolewa katika kikundi cha kulima. Kama huna haraka, endelea kusoma.

1. Kwanza, gitaa lenyewe. Vijana wengine wakirudi kutoka migodini huja na baisikeli, blanketi, au angalau kikohozi. Onesmo alishuka kwenye lori na gitaa lililofungwa ndani ya koti lake la pekee, yeye mwenyewe akitetemeka kwa baridi. Kwa miaka minne alituletea barua mbili, na ya pili ilikuwa ya kuuliza kama ya kwanza ilifika. Mtoto wa namna hiyo akirudi, unashukuru kwamba amerudi. Mama yake, Serafina, alilipokea lile gitaa kwa mikono miwili kama mjukuu. Nikamwomba kijana atupigie wimbo. Akasema bado. Akatueleza kwamba shingo ya gitaa ina vijichuma vilivyolazwa kwa kukingama, na nafasi kati ya chuma na chuma ni chumba, na kila chumba kina sauti yake inayokaa humo, na mwanafunzi hana budi azijue sauti zote kwa majina, waya kwa waya na chumba kwa chumba, kabla ya kugusa wimbo. Nikafurahi. Nikasema huyu amepata mwalimu mwenye utaratibu kama karani wa sensa. Nisamehe, sikukujua bado.

2. Pili, ngazi. Do, re, mi, fa, sol, la, ti, do, kisha chini tena, kisha juu. Wiki tatu, Mheshimiwa, tangu watu wanakwenda kisimani mpaka wanarudi na kuni. Mimi nimejenga nyumba mbili maishani mwangu, na ngazi niliipanda ili nifike kwenye paa niezeke. Sijapata kumwona mtu anayepanda na kushuka ngazi mchana kutwa pasipo nyumba. Ng'ombe wamezoea mno, wakisikia ile Do ya juu wanajua siku imekwisha, wanajipanga kuingia zizini. Siku moja aliifikia saa nane mchana, wakaacha malisho yao wakarudi wote, na mchungaji nyuma yao akiomba radhi. Kwa hili sidai chochote, nakujulisha tu.

3. Mbwa amehama.

4. Sasa nafika kwenye kosa langu mwenyewe, maana mimi nasema kweli hata inaponichoma. Kikundi chetu kina watu kumi na wanane, na tunalima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hatulimi kimyakimya kama wezi wa mihogo. Tunalima kwa ngoma na nyimbo. Mpiga ngoma wetu, Januari, mwaka huu amehamia Ushetu kwa wakwe zake kulima tumbaku, na ngoma ni yake, akaondoka nayo. Tukakutana kwa nsumba ntale, ndiye kiongozi wa kikundi, anaitwa Makoye. Watu walikuwa na huzuni. Mimi, Athanas, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikasimama nikasema kwamba ngoma ni mambo ya zamani, na kwamba nyumbani kwangu yupo fundi aliyesomea muziki Geita. Nilisema “aliyesomea”. Nilitaka wamwone mwanangu. Makofi niliyopigiwa siku ile bado yananiuma mgongoni.

5. Onesmo alizichambua nyimbo zetu za kulima akagundua kwamba zinahitaji mikao mitatu ya vidole: wa Do, wa Fa na wa Sol. Do anaijua. Sol anaijua vizuri. Fa ulimwahidi Jumapili inayofuata, na Jumapili inayofuata mkataba wake ulikuwa umekwisha na lori limeondoka. Kwa hiyo Fa ya kwake ni ya kuchungulia: anakumbuka kwamba kidole cha shahada kinalala juu ya nyaya zote sita kama mlevi barabarani, na vingine vinasimama karibu naye vikitafuta namna ya kumsaidia. Chumba gani, hana hakika. Kidole kipi kinatangulia, hana hakika.

Hapo ndipo desturi yetu inapoingia. Wimbo unapogeuka, majembe yote hupanda juu kwa pamoja, na hayashuki mpaka mpigaji atue. Anayeshusha peke yake hutozwa kibuyu cha pombe. Zamani ngoma ilikuwa inatua mara moja, ukipepesa jicho umechelewa. Basi tukaanza shambani kwa Makoye. Do ilikwenda vizuri, watu wakashangilia, mimi nikatazama kushoto na kulia ili nionekane kuwa ndiye baba. Wimbo ukageuka. Majembe kumi na manane yakapanda. Onesmo akainama akautazama mkono wake wa kushoto, akaanza kupanga vidole kimoja kimoja kama anayepanga mayai kapuni. Tukangoja. Kunguru wakatua. Bibi Nyamizi, ambaye ana miaka zaidi ya sitini na hana deni na mtu, akauliza kwa adabu, jembe likiwa bado juu ya kichwa chake, kama Geita wanakufa watu wangapi kwa mwaka kwa ajili ya wimbo huu. Fa ilipotoka hatimaye, haikuwa Fa. Akaomba arudie.

6. Mikono ikichoka juu, jembe likishuka linashuka kwa hasira. Ndiyo maana shamba la Makoye leo lina matuta ya namna mbili. Palipopigwa Do na Sol, tuta limenyooka. Palipopigwa Fa, tuta limevimba kama kaburi la mtu mnene. Bwana Shamba alipita na kamba yake ya kupimia, akasimama, akatembea, akasimama tena, akaandika katika daftari. Akauliza huo ni ugonjwa wa udongo au wa mbegu. Nilimweleza kwa kirefu kwamba udongo ni mzima, ila wakati wa kulima wimbo ulikuwa unabadilika kutoka Do kwenda Fa, na mwalimu wa Fa yuko Geita. Alifunga daftari. Sasa kila akipita huniuliza kama nalala vizuri.

7. Tukajaribu dawa. Makoye, ambaye ni mtu wa subira, akaagiza Onesmo apige Do peke yake na aache mengine. Tulifanya hivyo siku moja, shambani kwangu mimi. Lakini wimbo usiogeuka haumwambii mtu kwamba tuta limekwisha. Sisi hugeuka pamoja na wimbo, hatuangalii mpaka. Tukalima Do. Do yenyewe ni tamu, sikatai, inatuliza kama uji. Tulitoka shambani kwangu tukiwa na furaha, tukaingia karanga za katekista Valerian, tukazilima zote mistari tisa, tukavuka njia ya baisikeli, na tungekwisha kufika Kahama kama Valerian mwenyewe hakutoka mbio na rozari mkononi. Jumapili alisoma tangazo kuhusu mipaka ya jirani. Hakunitaja jina, alinitazama tu tangu mwanzo hadi amina.

8. Siku hizi Fa ni neno la kijiji kizima. Ugali ukichelewa kuiva, wanasema umefika Fa. Bwana harusi mmoja aliyesitasita kidogo mbele ya altare, kanisa zima lilinong'ona “Fa”. Mimi nikipita, watoto hunyanyua mikono juu wakakaa hivyo mpaka nipotee.

9. Na hili ndilo la mwisho na ndilo linaloniuma. Siku ya Jumanne, Makoye alikuja nyumbani. Alikaa, alikunywa maji, alisema kwa upole kwamba mvua imekwishanyesha mara mbili, kwamba mashamba sita hayajalimwa, langu likiwamo, maana siku ile ya Do tulilipita tu, na kwamba ametuma watu kumtafuta mpiga ngoma upande wa Runzewe. Mwezi ukiandama na Fa haijapatikana, anatutoa. Wewe unaishi kambini, unapewa posho na nyumba ya bati ya kulala, labda hujui maana yake. Maana yake ni kwamba hatutalimiwa. Nyumba yangu ikivuja hakuna wa kuezeka nami. Serafina akiugua hakuna wa kushika upande wa pili wa machela. Na siku yangu ikifika, Onesmo atachimba peke yake, na ninavyomjua, atasimama nusu ya shimo akiutazama mkono wa kushoto.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu moja kati ya haya, uchague lililo jepesi kwako:

(a) Uichore hiyo Fa katika karatasi, nyaya sita, vyumba vinne, na vitone mahali pa vidole, kila kidole kwa jina lake, uitume kwa lori la kwanza. Au

(b) Uje mwenyewe. Tutakupa kuku, kitanda, na jembe, ili ungoje pamoja nasi likiwa juu. Au

(c) Kama umeweza kumfundisha mtu kupiga gitaa bila Fa miaka minne, basi utuandikie wimbo wa kulima usio na Fa, unaogeuka kutoka Do kwenda Sol na kurudi nyumbani salama. Au

(d) Utupatie hati yenye mhuri wa stoo inayothibitisha kwamba Fa haipo duniani, ni uvumi tu, ili niipeleke kwa Makoye na kwa Bwana Shamba, heshima ya familia irudi.

Sikulaumu wewe peke yako. Kuna watu huanzisha mambo na kuyaacha katikati, na Mungu amewaumba kwa kusudi lake, ingawa sijalijua. Nasisitiza tu kwamba mwanafunzi si gunia la sukari, ukapima ratili mbili ukamwambia nyingine mwezi ujao. Umemwanzisha, mmalize.

Wasalimie wote wa kambini, hasa wale wanaokusikiliza Jumapili na hawana jembe mikononi. Serafina anakusalimu, yeye hana ugomvi na wewe, anasema Do yako ni nzuri. Onesmo anakuita mwalimu mpaka leo.

Nabaki, na jembe langu hewani,

Athanas Maige
(Karani wa Baraza, mstaafu)

Nyongeza. Barua ilikuwa imekwisha, natafuta bahasha, Onesmo akaniona na karatasi. Nikamwambia nimekuandikia kuomba Fa. Sijapata kumwona akifurahi hivyo tangu alipokuwa mtoto. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema: kwamba ulimwahidi, siku atakapoishika Fa sawasawa, nafasi yake ipo katika bendi yenu ya kambini, na mkataba mpya wa shimoni pamoja nayo. Akauliza barua itachukua siku ngapi. Akaanza kulifuta koti lake vumbi.

Miaka minne, Bwana Cornel. Mama yake alikuwa akimpakulia sahani kila jioni, kisha anairudisha chunguni, na mimi nikijifanya sioni. Nimemtazama sasa hivi amekaa pale nje anapanda ngazi yake, Serafina anachagua mchele kando yake. Sauti ni mbaya. Nisingependa iishe.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika hapo juu yapuuze, kuanzia namba moja. Usitume Fa. Ukiwa umekwisha kuichora, ichome. Kwa Makoye nitakwenda mwenyewe kesho, nimwambie tumejitoa, na shamba tutalima watu wawili, kwa Do na Sol, polepole. Ni eka tatu tu.

Akikuandikia yeye mwenyewe kuiomba, nakusihi umjibu kwamba imekwisha. Wewe ni karani wa stoo, unajua namna ya kumwambia mtu hivyo.