Albamu Isiyopigwa Marufuku

Jumatatu, 18 Novemba
Albamu yetu, Majivu, imetoka. Nyundo zikigonga chuma, mwimbaji wetu Dörte akinguruma matusi. Haina mnunuzi! Dörte kaapa: isipozusha balaa mwezi huu, anahamia bendi ya harusi. Bila yeye tunabaki mimi, mwenzangu Henning na nyundo. Lakini dawa ninayo. Ipigwe marufuku kwa watoto! Kilichokatazwa ndicho kinachonunuliwa. Nikapiga simu idara ya kulinda vijana kwa sauti ya bibi kizee, nikalia kwamba mjukuu wangu kaharibika. Afisa akasema wameisikiliza, haina ubaya wowote. Ila akauliza yule mzee mwishoni mwa wimbo wa saba ni nani.
Mzee gani?

Jumatano, 20 Novemba
Nimesikiliza. Chini ya nyundo zangu kuna mwanamume, taratibu, kama mwenye vumbi kinywani: "Leo Jumapili." Basi. Tulirekodia kwenye kiwanda cha zamani cha makaa, Jumapili, kwa kuwa hakuna mtu. Nikamshutumu Henning. Akaapa kwa marehemu mama yake, akasema alidhani ni mimi. Nywele zikanisimama. Kisha nikawaza: inauzika!

Ijumaa, 22 Novemba
Mbinu mpya. Spika dirishani, saa ya mapumziko ya mchana ambapo kelele haziruhusiwi, jengo zima lilalamike. Kengele ikalia. Bibi Noack wa chini! Yeye aliwahi kuniitia polisi kwa kutoboa ukuta Jumapili, siku ambayo kelele ni marufuku. Nikafurahi kupita kiasi. Hakufoka. Akaketi na koti lake, akaniomba nirudie mwisho wa wimbo wa saba. Mara tatu. Kisha akasema huyo ni mumewe Erwin, aliyebanwa akafa na mashine ya kushindilia makaa kule kiwandani. Maisha yake yote alichukia kelele za Jumapili. Akaniambia, "Mwanangu, waache wapumzike. Keshokutwa ni Jumapili ya Wafu."
Niliogopa, sikatai. Nikampa kahawa. Nikamuuliza kama amekereka kiasi cha kupeleka malalamiko. Akasema hapana, akaomba nakala.

Jumapili, 24 Novemba
Jumapili ya Wafu, siku ya kuwakumbuka marehemu! Muziki wa kelele umekatazwa kisheria. Nikifumaniwa, gazetini moja kwa moja. Henning alifika kwenye geti la kiwanda, akatazama ukungu, akageuza gari. Mwoga. Nikaingia peke yangu, nikawasha kinasa sauti, nikagonga chuma mara moja tu. Mwangwi haukurudi. Polisi hawakuja. Nikaondoka.
Nyumbani nikasikiliza. Sasa wako wengi, ukumbi mzima, wote pamoja: "Leo Jumapili." Halafu Erwin, karibu kabisa na kinasa sauti, bila hasira: "Silvio, kesho zamu ya asubuhi. Usichelewe."
Jina langu wamelijuaje? Mashabiki!
Nimempigia Dörte, nimemwambia tumepata kwaya ya bure. Bibi Noack, aliyesikia yote kutoka chini, kagonga mlango akilia, ananisihi nisiende. Wivu tu. Nimeshafunga mkoba: nyundo, kinasa sauti, mikate miwili. Kesho ni Jumatatu, nani atalalamika?