Nimewaombea Wibari

Leo nimeaibika juu ya jiwe, na walioshuhudia nawataja mwenyewe kabla hawajawafikia: Mchungaji wetu, jirani yangu Mama Wawuda, wadogo zangu wawili (Mwakio wa bodaboda na Mkamburi anayesomea ualimu), na Mwalimu Musyoka kutoka Voi, ambaye Mkamburi amemleta nyumbani kwa mara ya kwanza "asalimie tu." (Hakuna mwanamume anayepanda milima hii yote hadi Wusi kusalimia tu.) Na mimi. Jumla sita. Ningependa tungekuwa wawili, mimi na Mungu.

Mnajua baba na mama walituacha mapema. Mimi ndiye mkubwa. Niliachia shule darasa la saba, nikabaki na hawa wawili. Kwa hiyo huyo Musyoka alikuja kunitazama mimi, maana hakuna mzazi mwingine wa kutazama. Jana usiku Mkamburi aliniambia, "Dada, kesho kuwa wa kawaida tu." Nikajua anaogopa nitamwaibisha.

Sasa, Mchungaji ana utaratibu wake. Mara moja kwa mwezi tunapanda asubuhi kwenye lile jiwe kubwa juu ya shamba langu. Mmoja anasoma andiko, kisha anatuonyesha Mungu amelifundisha wapi katika uumbaji. Miaka yote kazi yangu imekuwa chai. Mwezi huu akasema, "Dada Wakesho, utatuletea neno." Nikakubali kabla sijapata muda wa kuogopa.

Nilisoma wiki nzima. Nikafika Methali, pale panapotajwa viumbe wadogo wenye akili nyingi. Wale wadudu chungu nikawaruka, kila mtu ameshawahubiri. Mstari wa pili ndio ulionishika: wibari ni watu dhaifu, lakini wanajijengea nyumba kwenye miamba.

Moyo ukaruka. Watu! Dhaifu! Mwamba! Hao si sisi?

Nikamwuliza Mwakio, "Hawa Wibari ni watu wa wapi?"

Hata helmeti hakuvua. "Watakuwa upande wa Njukini kule, karibu na mpaka. Kule kuna watu wengi."

Nikaridhika. (Kabila zima la watu lilifuata nini kati ya chungu na nzige wa mstari unaofuata? Hilo swali limenijia leo saa nane mchana.)

Basi tukapanda. Mkamburi akaweka kikapu cha chai na viazi vitamu nyuma yangu, penye kivuli. Nikasimama, nikasoma, nikaanza. Jameni, nilihubiri! Nikasema Wibari ni ndugu zetu. Nikasema hawana nguvu, hawana mali, pengine hata wazazi hawana, lakini hawakukaa chini kulia. Walitafuta mwamba. Nikapiga jiwe kwa kiganja, nikasema, "Hata sisi tulipobaki watatu, tulishika mwamba, na mwamba haukutuacha."

Mama Wawuda akafuta machozi na leso. Mkamburi alikuwa ameinamisha kichwa. Ni Musyoka tu aliyekuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Nikadhani ameguswa, nikaongeza moto.

"Tuwaombee Wibari wote," nikasema. "Wafunguliwe shule, wapate maji." Wakaitikia amina. Mchungaji pia aliitikia, ingawa amina yake ilichelewa kidogo. Utamu ukanizidi. Nikainua mkono: "Na mimi, mbele za Bwana, naweka nadhiri. Wibari wa kwanza nitakaowaona kwa macho yangu, nitawapa debe la mahindi!"

Nyuma yangu pakasikika mchakuro. Nikageuka.

Pimbi. Wanne, wanene, kama sungura waliokatwa masikio, wameingia kichwa kichwa kwenye kikapu. Wa tano ameketi kando, anatafuna kiazi huku ananitazama.

"Shindwa!" nikapiga kelele. Nikaokota jiwe. "Mashetani nyinyi! Kila mwaka mnanimalizia maharagwe, leo mmenifuata hadi ibadani!"

"Shemeji, usiwapige!" Musyoka amesimama, mikono hewani.

"Shemeji wa nani? Bado hujaulizwa jina la baba yako!"

"Samahani, dada. Lakini hao..." Akamtazama Mkamburi, akanitazama mimi. "Hao ndio wibari."

Hata pimbi waliacha kutafuna.

"Wibari ni watu," nikasema. "Imeandikwa watu."

"Ni namna ya kuandika, dada. Wibari ni pimbi. Nilijua tangu mwanzo, lakini mtu aliyekuja kuomba mchumba anaanzaje kwa kusahihisha?"

Mama Wawuda akashusha leso polepole. "Kwa hiyo mimi nimelilia pimbi?"

Mwakio alikuwa ameshalala kwenye jiwe, anacheka bila sauti. "Nilisema *watakuwa*, dada! Sikuapa!"

Nikamgeukia Mchungaji aniokoe. Akakohoa. "Fundisho limesimama," akasema. "Wamejenga kwenye mwamba, hilo ni kweli. Hiyo habari ya shule ndiyo sikuielewa."

Nilitaka kushuka peke yangu, lakini Mkamburi akanishika mkono. Alikuwa na machozi. Nikajua, basi, nimemharibia.

"Dada," akasema, "uliposema tulibaki watatu, mimi sikusikia pimbi." Kisha kicheko kikamshinda, akaketi chini. Musyoka naye akaachilia. Yule kijana anacheka kwa mwili mzima. Wazee wake watakuja mwezi ujao, na ameomba nisibadilishe neno hata moja la mahubiri.

Hapo ningemaliza. Lakini nilimwuliza Mchungaji kuhusu ile nadhiri, nikitumaini imefutika. Akatikisa kichwa. "Nadhiri ni nadhiri, dada. Ulisema wa kwanza utakaowaona. Umewaona."

Sasa ni jioni, debe limejaa, liko mlangoni, na kichwa kimevurugika. Nimwage juu ya jiwe au niwaite? Nikiwapa mahindi leo, kesho nitawafukuza shambani kwa uso gani? Anayejua maandiko aniambie bila kucheka: yale maharagwe yangu waliyokula miaka yote yanapunguza deni, au Mungu anayahesabu kando?