Vita vya Mama Sekunde na Karanga Moja

Njooni, enyi wenye masikio! Mlio jikoni epueni sufuria, mlio njiani tueni mizigo, maana habari nitakayowapa ni nzito kuliko mizigo yenu. Habari za wafalme zimekwisha kuandikwa na wafalme wenyewe wamekwisha kufa. Walivuka mito, wakabomoa kuta, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi mezani kwa wakwe, vijiti viwili mkononi, na macho ya mama wa binti yamemganda usoni. Mimi ninaye aliyeketi. Namsimulia Mama Sekunde, fundi saa, mrudisha mishale iliyopotea njia, mfufua saa zilizokwisha kuliliwa na wenyewe, ambaye mkono wake haujatetemeka hata siku moja mbele ya skrubu ndogo kama yai la chawa.

Huyo alikuwa na mwana mmoja tu, fundi wa lifti, kijana mrefu mwenye haya nyingi, naye kijana alikuwa amepata mchumba. Wazazi wa binti walitoka nchi ya mbali, nchi ambayo watu wake hula kwa vijiti, wakafungua duka la dobi, na mama mtu alinyoosha nguo kwa ukali hata wateja wakamwita Mama Pasi. Jumamosi ile Mama Sekunde alialikwa kwao kwa chakula cha jioni, na ndiyo iwe mara ya kwanza pande mbili kuonana. Mwana akamjia mama yake, akatazama viatu vyake mwenyewe, akamwomba asije akaulizia uma.

"Wao hawana neno, Mama," alisema. "Jaribu tu. Mbona mimi nimeshazoea."

Neno lile likamchoma Mama Sekunde mahali ambapo hata mishipa ya moyo haijui jina lake. Alimlea kijana huyu peke yake, akamfunga vifungo vya shati mpaka kijana akaanza kuota ndevu, na leo kijana huyo anamwogopea mezani. Hapo akajua vita hivi si vya tumbo. Alichokuwa akikipigania ni macho ya mwanawe, yasije yakainama kwa aibu mbele ya wakwe kwa ajili yake. Akaapa kwamba hayatainama, hata ikibidi ajifunze kula kwa sindano.

Basi akajifungia ndani ya kibanda chake cha kazi, katikati ya saa za ukutani zilizokuwa zikibishana kuhusu wakati, akavilaza vijiti viwili vipya chini ya taa. Na kwa kuwa shujaa haanzi vita bila kumjulisha adui yake anapigana na nani, akavihutubia.

"Enyi vijiti," akanena, "wembamba wa kimo na wembamba wa huruma, nisikilizeni. Mimi kwa kibano changu nimeshika springi zilizo laini kuliko unywele, zikatii. Nyinyi ni nani hata mnishinde? Kibano kina miguu miwili, nanyi ni wawili. Tofauti ni kwamba yeye ameungana kiunoni, nanyi mmetengana kama watu waliogombana. Basi nimekuja kuwapatanisha, mkitaka msitake."

Hapo ndipo alipokosea, wapendwa, na ni kosa ambalo fundi saa peke yake angeweza kulifanya. Kibano, ukikibana, miguu yake yote miwili huja katikati kukutana. Mama Sekunde, mwenye mazoea ya miaka mingi ya kibano, akavifundisha vijiti vyote viwili kusogea pamoja, huku amebana pumzi kama afanyavyo akipachika skrubu. Akanyanyua pamba, pamba ikanyanyuka. Akanyanyua kitambaa cha kufutia vioo, kikanyanyuka nacho, maana vitu laini havina ukaidi. Kufika Ijumaa alikuwa anatembea kibandani kifua mbele, jemadari aliyeishinda pamba.

Jumamosi ikawadia. Nyumba ya wakwe ilikuwa juu ya duka, sebule ndogo inayonukia mvuke na wanga wa nguo, na kitambaa cha meza kilinyooshwa hata mgeni akaogopa kukiwekea kiwiko. Baba wa binti aliketi pembeni na glasi yake ya chai, mtu mkimya ambaye salamu yake ilikuwa kutikisa kichwa. Binti akamkaribisha mama mkwe wake mtarajiwa kwa mikono miwili. Kisha akatokea Mama Pasi mwenyewe, mfupi, mikono ya blauzi imekunjwa, jasho la jikoni usoni, akapanga mabakuli: tambi, mayai, mboga, na karanga za kukaanga zinazong'aa kwa mafuta. Akaketi mkabala na mgeni wake na kumkazia jicho lile linalojua kila mkunjo.

Mama Sekunde akabana pumzi, akaziendea tambi. Akazikamata, akaziinua, nazo zikapanda kwa heshima zote mpaka chini kidogo ya kidevu, kisha zikabadili nia na kushuka zote kwa pamoja. Jicho la Mama Pasi likazifuata. Akaligeukia yai, yai likapasuka vipande viwili, na kila kipande kikakimbilia upande wake wa bakuli. Jicho likavitazama vyote viwili. Damu ikampanda shujaa wetu kichwani, naye akaamua kupigana na walio wagumu, akaibana karanga moja kwa nguvu zote za ukoo wake. Karanga ikaruka, ikapita juu ya mboga, ikapita mbele ya pua ya bwana harusi mtarajiwa, ikatua ndani ya glasi ya chai ya baba wa binti kwa mlio mdogo wa kusikitisha. Mzee akaitazama, akainywa pamoja na chai, akatafuna, wala hakuuliza.

Kijana akainamisha macho. Mama Sekunde aliyaona yakiinama, na moyo wake ukashuka chini zaidi ya tambi. Katika kuchanganyikiwa akakimbilia ngao ya waoga, akasema wasisumbuke, yeye ameshiba, alionja kitu kidogo nyumbani kabla ya kuja.

Mama Pasi akaweka vijiti vyake chini taratibu, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Mama, niambie ukweli," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Chakula changu kina nini? Nimepika tangu asubuhi. Nakuangalia hapa tangu umeketi, hakuna hata kimoja kilichoingia mdomoni. Unakigeuza, unakiangalia, unakirudisha. Kama hukipendi, au kama ni binti yangu humpendi, bora uniambie."

Enyi wasikilizaji, ni majemadari wangapi wamewahi kugundua katikati ya vita kwamba adui naye anatetemeka ndani ya ngome yake? Mama Sekunde alimtazama mwanamke yule, akaona kwamba jicho alilolidhani la hakimu lilikuwa jicho la mpishi anayehesabu matonge yasiyoliwa. Aibu aliyokuwa nayo ikageuka kuwa aibu nyingine iliyo bora zaidi. Angeweza bado kudanganya. Hakudanganya.

"Dada yangu," alisema, "chakula chako sijakionja bado. Kinanikimbia."

Binti akaziba uso kwa kiganja, mabega yakitikisika.

"Sasa mbona hukusema? Uma si upo?" akauliza Mama Pasi.

"Sikutaka huyu anionee haya," akajibu Mama Sekunde, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Yeye ameshazoea."

"Nani kazoea?" akauliza binti. "Huyu? Huyu akija hapa namfichia kijiko chini ya leso. Anacho hata sasa hivi."

Leso ikafunuliwa, na kijiko kikaonekana kikiwa na mafuta ya ushahidi. Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyetua gunia, akamwambia mama yake kwamba hakumwonea haya hata kidogo. Alichokiogopa ni wote wawili kuumbuka siku moja. Mama Pasi alicheka mpaka akapiga meza, na kitambaa kilichonyooshwa kikapata mkunjo wake wa kwanza.

Uma ukaletwa. Mama Sekunde akausukuma kando, kwa maana sasa vita vilikuwa vyake mwenyewe, na wala hakuwa anapigania macho ya mtu. Mama Pasi akahamisha kiti, akaketi ubavuni pake, akamshika vidole na kuvipanga upya kimoja kimoja.

"Kosa lako unawatuma wote wawili," alisema. "Huyu wa chini hafanyi kitu, amelala tu. Wa juu ndiye anayehangaika. Kama mimi na huyu mzee wangu."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani amesifiwa.

Basi fundi saa akamlaza wa chini, akamtuma wa juu, na kwa mara ya kwanza jioni ile akapumua. Vijiti vikaishika karanga, si kwa nguvu, kwa kiasi tu. Karanga ikaondoka bakulini. Ikapita juu ya tambi zilizomdhalilisha, ikapita juu ya mayai yaliyomsaliti, ikayumba pale katikati hata binti akashika mkono wa kijana, ikatulia, ikasonga, ikafika mlangoni pa kinywa na kuingia ndani ikiwa nzima. Mama Sekunde akafumba mdomo. Akatafuna polepole, meza nzima ikimtazama.

"Ikoje?" Mama Pasi akanong'ona.

"Chumvi imezidi kidogo, mkwe."

Kijana akafumba macho. Mama Pasi akamgeukia mumewe.

"Si nilikwambia chumvi imezidi?" alisema, kisha akacheka hata ikabidi aegemee bega la Mama Sekunde ili asianguke.

Andikeni basi, enyi waandishi wa nyakati, futeni ukurasa mmoja wa wafalme mkikosa nafasi: jioni ile karanga moja ilisafiri kutoka bakulini mpaka kinywani, na nyumba mbili zikawa nyumba moja. Shujaa akainyanyua ya pili, ikamponyoka, ikabingirika chini ya kabati, naye akachukua ya tatu huku akiwasimulia wakwe jinsi alivyoishinda pamba.